Sumu Zisizonuka: Namna ya Kuzitambua na Kuzitoa Nyumbani

Mkaa ukishakolea, moshi ukakatika na jiko likawa jekundu, ndipo watu wengi wanapoliingiza ndani. Wanaliona salama kwa sababu haliwashi macho wala halinuki. Kumbe ndio wakati wake mbaya. Moshi ulikuwa unakufukuza. Sasa hakuna cha kukufukuza, na jiko linaendelea kutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi, harufu wala ladha. Usiichanganye na hewa ukaa, ile kaboni dayoksaidi tunayoitoa kila tukipumua. Majina yanakaribiana, madhara yako mbalimbali kabisa.

Mwongozo huu unahusu sumu za namna hiyo, ambazo pua, macho na ulimi haviwezi kuzikamata. Nyumbani tunaogopa harufu ya choo, ya taka na ya rangi mbichi, wala si kosa kuziogopa. Lakini zinazoua watu usingizini na zinazodumaza akili za watoto mara nyingi hazina harufu yoyote. Kila moja ina kipimo chake. Kwa zote, utaratibu wa kazi ni mmoja: ondoa chanzo kwanza, ikishindikana, ziba njia inayoifikisha sumu kwa mtu, barakoa na dawa zije mwisho. Anayeanza na barakoa ameanzia mkiani.

Jiko la mkaa, jenereta na hita ya gesi

Kaboni monoksaidi hushikamana na hemoglobini, sehemu ya damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu inayozidi mara 200 ile ya oksijeni yenyewe. Ndiyo maana kiasi kidogo hewani kinatosha kuiteka damu yote.

Chukua chumba cha kawaida cha kupanga: mita 3 kwa 3, kimo mita 2.5. Ndani yake mna lita 22,500 za hewa. Ili sumu ifike sehemu 1,000 katika milioni (ppm 1,000), zinatosha lita 22.5 za kaboni monoksaidi, sawa na gramu 26 hivi. Kilo moja ya mkaa ikiungua huweza kutoa gramu 200 au zaidi. Kwa hiyo gramu 130 za mkaa, kiasi cha kujaza viganja viwili, zinatosha kukifikisha chumba kilichofungwa kwenye kiwango hicho. Chumba chenye nyufa kitachelewa, na hapo ndipo watu wanapojidanganya: jana walilala na jiko wakaamka, leo upepo umetulia na pazia limezibwa vizuri, hawaamki.

Katika ppm 400, kichwa huanza kuuma ndani ya saa moja au mbili. Katika ppm 800, kizunguzungu na kichefuchefu huja ndani ya dakika 45, na kifo ndani ya saa 2 hadi 3. Katika ppm 1,600 kifo kinaweza kuja ndani ya saa moja. Shirika la Afya Duniani linapendekeza wastani wa saa 24 usizidi miligramu 4 kwa mita ya ujazo, ambazo hazifiki hata ppm 4.

Zipo kinga za mitaani ambazo hazikingi. Beseni la maji chumbani halisaidii, kwa sababu hewa hii karibu haiyeyuki majini. Dirisha lililoachwa wazi upana wa vidole viwili halitoshi. Kufunika makaa kwa majivu kunaficha wekundu tu. Chini yake yanaendelea kuungua kwa saa kadhaa, tena kwa upungufu wa oksijeni, na huko ndiko sumu inakotengenezwa kwa wingi. Barakoa ya kitambaa au ya hospitali haizuii chochote hapa. Na maziwa, ambayo wengi hukimbilia kumnywesha aliyezidiwa, hayana kazi: sumu iko kwenye damu, haiko tumboni, na mtu aliyelegea akinyweshwa anaweza kupaliwa akafa kwa hilo.

Pika nje, au kwenye banda lililo wazi pande mbili. Ikibidi kupika ndani, chumba cha kupikia kiwe na nafasi mbili zinazotazamana, na tundu jingine juu karibu na paa, maana hewa ya moto hupanda. Ukimaliza, makaa yatie kwenye debe la bati lenye mfuniko, na debe libaki nje. Chetezo cha udi nacho ni mkaa: makaa mawili au matatu, mlango wazi, na kitolewe chumbani kabla mtu hajalala. Jenereta ikae angalau mita 6 kutoka mlango au dirisha lolote, na bomba lake la moshi lielekezwe mbali na nyumba. Kuiweka barazani au ngazini ni sawa na kuiweka sebuleni.

Hita ya gesi ya kuogea ni lazima iwe na bomba linalotoa moshi hadi nje ya ukuta. Tazama mwali wake: ukiwa wa bluu, gesi inaungua vizuri, ukiwa wa manjano, au ukiona masizi juu ya kifuniko, zima na uite fundi wa gesi. Gesi ya mtungi imetiwa harufu makusudi ili ikivuja ujue, ila kaboni monoksaidi inayotoka kwenye mwali wake mbovu haina harufu hiyo. Kwa ndugu walioko Ulaya na Amerika Kaskazini, hatari huwa kubwa umeme unapokatika wakati wa baridi: jiko la kuchomea nyama lisiingizwe ndani wala kwenye gereji, hata mlango wa gereji ukiwa wazi.

King'ora cha kaboni monoksaidi ndicho kipimo pekee cha uhakika nyumbani. Unaponunua, soma mgongoni. Kiwe kimeandikwa EN 50291 (kiwango cha Ulaya) au UL 2034 (cha Marekani), na maandishi yawe CO, yaani kaboni monoksaidi, si CO2, ambayo ni hewa ukaa. Vifaa vya CO2 vimejaa sokoni kwa bei nafuu, vinapima kitu kingine kabisa, na mtu akikitundika analala akijiona amekingwa. King'ora cha moshi nacho hakiisikii hewa hii. Angalia pia tarehe ya mwisho, kwa sababu kihisio chake huchoka baada ya miaka 5 hadi 10. Kitufe cha kujaribu, kibonyeze kila mwezi, lakini ujue kwamba kwa kawaida kinajaribu betri na sauti tu. Hakikuambii kama kihisio bado ni kizima.

Kiweke chumba cha kulala, ukutani, usawa wa kichwa cha mtu aliyelala au aliyekaa. Kwenye chumba chenye jiko kiwe kati ya mita 1 na 3 kutoka kwenye jiko lenyewe: kikikaribia zaidi kitalia bure kila unapowasha moto, na mwisho watu watakitoa betri. Kisiwe nyuma ya pazia wala pembeni mwa dirisha. Usishangae kikikaa kimya kwa muda. Kwa kiwango cha EN 50291, katika ppm 50 kinatakiwa kulia kati ya dakika 60 na 90, katika ppm 100 kati ya dakika 10 na 40, na katika ppm 300 ndani ya dakika 3. Kinafuata kasi ya sumu inavyojijenga kwenye damu.

Kama huna king'ora, dalili ndizo zilizobaki. Kichwa kinauma, mtu anahisi kichefuchefu, miguu inalegea, lakini mwili hauna homa. Hapo ndipo wengi husema ni malaria. Maswali matatu yanatofautisha: Je, wote walio ndani wanaumwa kwa pamoja, pamoja na kuku au paka aliyelala humo? Je, wakitoka nje wanapata nafuu? Je, kulikuwa na moto au injini karibu? Majibu yakiwa ndiyo, toka na uwatoe wote, acha mlango wazi, piga 112. Asiyejitambua lakini anapumua mlaze ubavu. Hospitalini sema mara moja kwamba kulikuwa na jiko ndani, na mgonjwa awekewe oksijeni. Usikubali kurudishwa nyumbani kwa sababu tu kile kifaa cha kubana kidoleni kimeonyesha asilimia 98, kwani hakitofautishi damu iliyobeba oksijeni na iliyobeba sumu hii. Kwa hewa ya kawaida nusu ya sumu hutoka mwilini kwa saa 4 hadi 5. Kwa oksijeni safi inachukua kama saa moja na nusu au chini ya hapo. Mama mjamzito apewe kipaumbele hata akijisikia vizuri, kwa kuwa mtoto tumboni huathirika zaidi na hupona polepole kuliko mama.

Vidonge vya kuhifadhia nafaka

Jambo hili ni fupi, lakini ni la kufa na kupona. Vidonge vya fosfidi ya alumini, vinavyotiwa kwenye magunia ya mahindi kuua fukusi na dumuzi, vikikutana na unyevu wa hewa hutoa gesi ya fosfini. Gesi hiyo inapita kwenye gunia, kwenye nyufa za ukuta na juu ya dari hadi chumba cha pili. Wakati mwingine hunuka kama kitunguu saumu au samaki aliyeoza, lakini usisubiri harufu, kwa sababu inaweza kudhuru kabla pua haijaisikia. Haina dawa ya kuitangua mwilini.

Kwa hiyo vidonge hivi visitumike ndani ya nyumba wanamolala watu, hata stoo iliyopakana nayo. Kama vimeshatumika, watu watoke kwanza, milango ifunguliwe, na wasirudi kulala humo. Usivimwagie maji: maji ndiyo yanayoitoa gesi yote kwa mkupuo. Mtu akianza kutapika au kubanwa kifua, mpeleke hospitali na utaje jina la dawa.

Badala yake tumia mifuko isiyopitisha hewa ya aina ya PICS: mifuko miwili ya nailoni nzito ndani, wa kiroba nje. Kausha mahindi vizuri, jaza, toa hewa kwa kukandamiza, funga kila mfuko peke yake. Wadudu hukosa oksijeni wakafa wenyewe. Mfuko wa ndani ukitoboka hata tundu moja kazi yote imeharibika, kwa hiyo ukague kwa kuupuliza kabla ya kuujaza.

Madini ya risasi

Kaboni monoksaidi inafanya kazi kwa saa. Risasi inafanya kwa miaka. Mtoto hafyonzi kama mtu mzima: katika risasi aliyoimeza, mwili wake huchukua asilimia 40 hadi 50, wakati mtu mzima huchukua karibu asilimia 10. Inaingia kwenye ubongo unaokua, na uharibifu wake haurudi nyuma. Hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Petroli yenye risasi iliachwa Afrika Kusini mwa Sahara kufikia mwaka 2006, na tangu hapo wengi wamedhani habari hiyo imekwisha. Haijakwisha, imehamia ndani.

Anza na rangi ya mafuta. Kikomo kinachotumika siku hizi Kenya, Tanzania na nchi nyingine nyingi ni ppm 90 za risasi, lakini rangi iliyopakwa miaka ya nyuma inaweza kuwa na maelfu. Rangi za maji za ukutani kwa kawaida hazina tatizo hili. Za kutiliwa shaka ni za mafuta zinazong'aa, hasa manjano, nyekundu, ya chungwa na kijani, pamoja na rangi nyekundu ya kuzuia kutu inayopakwa kwenye mageti, nondo za madirisha, bembea na madawati ya shule. Tafuta sehemu zinazosuguana: kingo za dirisha, fremu ya mlango, reli ya ngazi. Hapo rangi husagika kila siku ikawa vumbi, na vumbi ndilo linalomfikia mtoto atambaaye. Vigamba vya rangi yenye risasi vina utamu kidogo, kwa hiyo aliyevionja huvirudia.

Vipo vijiti vya kupimia vinavyogeuka vyekundu au waridi vikigusa risasi. Vinafaa kwa uchunguzi wa kwanza, kwa masharti. Chana rangi kwa kisu chenye ncha, mchano wa mshazari hadi kufikia mbao au chuma, ili tabaka zote zionekane. Ukipangusa juu tu unapima rangi mpya na kuiacha ya zamani iliyo chini yake. Rangi nyekundu yenyewe inaweza kuacha wekundu kwenye kijiti ukadhani ni jibu. Na risasi kidogo, inayozidi ppm 90 kwa kiasi kidogo, kijiti hakiioni. Kwa hiyo jibu la "ipo" lichukulie kwa uzito, jibu la "haipo" lipeleke maabara.

Kama rangi ni nzima na haibanduki, iache. Isafishe kwa maji ya sabuni, ikauke, uipake juu rangi mpya isiyo na risasi. Kuibandua rangi nzima kwa ajili ya usalama ndiko kunakoijaza nyumba vumbi.

Kama inabanduka, fanya hivi. Watoto na wajawazito wahame nyumba kwa siku za kazi, si chumba tu. Toa vyombo, au vifunike. Tandaza nailoni nzito sakafuni, ienee mita 2 kila upande wa eneo la kazi, na kingo zake zibandikwe kwa utepe wa karatasi wenye gundi. Jaza maji chupa ya kunyunyizia, lowesha eneo la ukubwa wa kitabu, kwangua, lowesha tena. Kama lazima kulainisha, tumia msasa wa maji, na uendelee kuulowesha. Msasa mkavu, hasa wa mashine, ndio kosa kubwa linalofanywa na mafundi rangi, kwa sababu unageuza ukuta mzima kuwa unga wa kupumua. Kosa la pili ni kubandua kwa moto wa mtungi: moto mkali unaifukiza risasi ikawa mvuke. Fundi avae barakoa ya chujio aina ya P100 au FFP3 inayobana usoni, na ndevu zisiwe njiani. Asile wala asivute sigara hapo.

Jioni kunja nailoni kwa ndani, ifunge kwenye mfuko mara mbili. Usifagie. Deki kwa ndoo mbili, moja ya maji ya sabuni, moja ya kusuuzia, na maji yabadilishwe kila chumba. Kitambaa kimoja kikizungushwa nyumba nzima kinahamisha vumbi tu. Rudia kesho yake, maana vumbi laini hutua usiku. Nguo za kazi zifuliwe peke yake. Mabaki yasichomwe.

Nje ya rangi, kuna vyanzo ambavyo havizungumzwi vya kutosha Uswahilini.

Wanja wa manga, ule unaosagwa kutoka jiwe la kijivu linalometameta, mara nyingi ni salfidi ya risasi. Upo Pwani, upo Oman na Ghuba yote, na watoto wachanga hupakwa macho, wengine na kitovu. Mtoto hufikicha jicho kisha hulamba kidole. Kwa macho huwezi kuutofautisha na wanja usio na risasi, na neno "asili" kwenye kichupa halimaanishi kitu, kwa kuwa risasi nayo ni ya asili. Tunasema wazi: mtoto asipakwe.

Sufuria za kusubu, zinazotengenezwa kwa kuyeyusha alumini chakavu, huchanganya vipande vya injini, redieta na chochote kilichokuwa kwenye lundo. Risasi hutoka humo ikaingia kwenye chakula, hasa kikiwa kichachu: nyanya, ndimu, ukwaju, embe bichi. Kama ndiyo sufuria uliyonayo, ipikie ugali na wali, mchuzi wa ukwaju upike kwenye ya stenlesi, na chakula kisilale ndani yake. Usiisugue kwa waya hadi ing'ae, kwa sababu unaondoa utando unaoikinga.

Manjano ya unga yanaweza kuwa yameongezwa kromati ya risasi ili yang'ae. Jambo hilo lilithibitishwa Bangladesh mwaka 2019, ambako mizizi yenyewe ilikuwa inapakwa rangi hiyo wakati wa kusuguliwa. Kwa hiyo hata kununua mizizi mizima hakukupi uhakika. Mzizi mkavu wa kweli una ganda lililofifia, la kahawia-manjano; ukiwa wa manjano makali kwa nje na ukiacha rangi nyingi kwenye vidole, uache. Uliouchagua uoshe, menya, kausha, usage mwenyewe.

Betri kuukuu za magari na za sola ndizo mbaya kuliko zote. Risasi huyeyuka kwa nyuzi 327 za Selsiasi tu, joto ambalo jiko la mkaa linalifikia bila shida, na ndiyo maana watu huyeyusha vibati vya betri uani kutengeneza chubwi za nyavu. Sufuria iliyotumika hivyo hairudi tena kwenye chakula, na udongo wa ua ule unabaki na sumu. Kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, kilionyesha kinachotokea jambo hili likifanywa kwa ukubwa wa kiwanda jirani na nyumba za watu. Phyllis Omido aliyeongoza madai ya wakazi alipewa Tuzo ya Goldman mwaka 2015. Mwaka 2020 mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3, na baada ya rufaa Mahakama ya Juu ikairejesha hukumu hiyo mwaka 2024. Fundi wa betri aoge na abadilishe nguo na viatu kazini kabla ya kumbeba mtoto wake.

Kujua kama mtoto ameathirika, usisubiri dalili. Tumbo kuuma, choo kigumu, upungufu wa damu na kushindwa masomo vina sababu nyingi, na watoto wengi hawaonyeshi chochote. Omba kipimo cha risasi kwenye damu. Kama kinachukuliwa kidoleni, mikono ioshwe kwanza kwa sabuni, la sivyo vumbi la kidole ndilo litakalopimwa. Kikitoka juu, kirudiwe kwa damu ya mshipa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unasema mikrogramu 5 kwa desilita zikifika, chanzo kitafutwe na kikomeshwe. Dawa za kuivuta risasi mwilini hupewa mtoto aliyefika mikrogramu 45, na hazina faida kama anarudi kwenye vumbi lilelile. Risasi iliyo kwenye damu hupungua nusu kwa takriban mwezi mmoja, ila iliyokwisha ingia mifupani hukaa miongo. Dagaa, maharage, mchicha na maziwa, kwa madini yao ya chuma na kalsiamu, hupunguza kinachofyonzwa. Tumbo tupu hufyonza zaidi, kwa hiyo mtoto asicheze asubuhi kabla hajala.

Paa la asbesto

Nyumba nyingi za zamani za serikali, za reli na za shule zimeezekwa mapaa ya saruji yenye mawimbi, ya kijivu, mazito kuliko bati, yasiyoshika kutu, na ukiyagonga hayalii kama chuma. Yakiwa ya zamani, yachukulie kuwa ni asbesto mpaka maabara ikanushe. Likiwa zima, paa halitoi hatari kubwa. Hatari ni kulitoboa kwa keekee, kulikata kwa msumeno, kulipiga brashi kuondoa kuvu, au kulivunja na kulitupia chini. Nyuzinyuzi zake hazionekani, zikiingia mapafuni hazitoki, na saratani yake huja baada ya miaka 20 hadi 40, wakati hakuna anayekumbuka siku ya ukarabati. Kazi ya kuliondoa ni ya wenye kibali. Uliza wasimamizi wa mazingira wa serikali: Kenya ni NEMA, Tanzania NEMC. Vipande vilivyokwisha vunjika vinyunyiziwe maji yenye sabuni kidogo, viokotwe kwa mkono uliovaa glavu bila kuvunjwa zaidi, vitiwe nailoni mbili nzito na kuandikwa. Visitandazwe njiani kuziba matope, kama inavyofanyika.

Mengineyo kwa ufupi

Dawa ya mbu ya kuchoma, ile ya mzunguko: utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulikuta kipande kimoja hutoa vumbi laini sawa na sigara 75 hadi 137. Chandarua kinafanya kazi hiyohiyo bila moshi. Jiki isichanganywe na dawa ya choo yenye asidi, kwani hutoa klorini papo hapo na chooni hakuna pa kukimbilia. Moshi wa kuni hupungua sana kwa kuni kavu, mfuniko kwenye sufuria, na maharage yaliyolowekwa usiku kucha. Kuvu ya ukutani pua inaijua: tafuta maji yanakotoka kabla ya kupaka rangi, au itarudi.

Taa ya mirija au ya kuokoa umeme ikivunjika ina zebaki kidogo. Watu watoke dakika 10 hadi 15, madirisha wazi. Kusanya kwa karatasi ngumu na vipande vya seloteipu, usitumie fagio wala mashine ya kunyonya vumbi, tia kwenye kopo lenye kifuniko. Krimu za kung'arisha ngozi nazo nyingine zina zebaki: ukiona kwenye pakiti "calomel", "mercurous chloride" au "ammoniated mercury", au pakiti isiyo na orodha ya viambato kabisa, usiipake, na taulo ulilolipangusia lisitumiwe na mtoto.

Kupeleka sampuli maabara

Tanzania, mahali pa kuulizia ni Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali au shirika la viwango, TBS. Kenya, Mkemia wa Serikali au shirika la viwango, KEBS. Piga simu kwanza uulize kiasi wanachotaka na bei, kwa sababu sampuli pungufu hurudishwa. Kwa rangi, kata kipande cha sentimita 2 kwa 2 chenye tabaka zote, bila mbao wala lipu. Kwa wanja au manjano, peleka pakiti haijafunguliwa pamoja na iliyofunguliwa. Kwa asbesto usikate mwenyewe. Kipande kilichokwisha anguka kinatosha. Kila sampuli iwe kwenye mfuko wake, na juu yake andika tarehe, chumba, kitu ilikotoka, rangi yake, na kama kuna mtoto wa chini ya miaka 6 anayeishi humo. Omba jibu la risasi kwa namba, yaani ppm, si "imepita" au "haijapita", ili mwakani ukipima tena uwe na cha kulinganisha.